Cadbury

Cadbury ni kampuni ya chokoleti iliyoanzia Birmingham, Uingereza, mwaka 1824, John Cadbury alipofungua duka la chai, kahawa na kokoa ya kunywa. Alikuwa Mkristo wa dhehebu la Quaker, na kokoa aliiona kuwa kinywaji cha kumwepusha mfanyakazi na pombe. Wanawe, Richard na George, walikabidhiwa biashara mwaka 1861 ikiwa inadidimia. Iliinuka baada ya 1866, walipoanza kutumia mashine ya Kiholanzi inayokamua mafuta ya kokoa na kubakiza unga safi. Mwaka 1879 walihamishia kiwanda Bournville, na baadaye George akajenga hapo kijiji chenye nyumba nzuri na bustani, kisicho na baa hata moja. Chokoleti ya maziwa, Dairy Milk, ilitoka mwaka 1905.

Utu huo wa Bournville haukufika shambani. Kokoa nyingi ya kampuni ilitoka São Tomé na Príncipe, visiwa vilivyotawaliwa na Wareno, ambako watu walionunuliwa Angola walifungwa kazini kwa mikataba isiyokwisha. Waliorudi kwao walikuwa wachache mno. William Cadbury, wa familia hiyo, alipata habari hizo mwaka 1901. Alimtuma Joseph Burtt kuchunguza, lakini ununuzi uliendelea hadi Machi 1909, kampuni ilipoisusia kokoa ya visiwa hivyo. Miaka minane ni mingi kwa mtu aliye utumwani, na kusubiri diplomasia ya serikali ya Uingereza, kama kampuni ilivyojitetea, hakutoshi kuwa udhuru. Gazeti la The Standard la London lilikwisha kuituhumu kampuni kwa unafiki mwaka 1908. Cadbury ililishtaki na kushinda Desemba 1909, lakini fidia iliyopewa ilikuwa farthing moja tu, yaani robo ya peni. Kokoa yake ikazidi kutoka kwa wakulima wa Ghana ya leo.

Afrika Mashariki iliizoea Cadbury zaidi kwa kopo la unga wa kunywa, uliotengenezwa pia Nairobi. Katika mji kama Dodoma hilo linaeleweka: chokoleti ngumu hulainika kwenye duka la kata ya Nzuguni jua la Novemba likiwaka, ilhali unga hukaa salama. Mwaka 2010 Cadbury ilinunuliwa na Kraft ya Marekani, ikaingia chini ya Mondelez mwaka 2012, na miaka miwili baadaye kiwanda cha Nairobi kikafungwa. Watu wapatao 300 walipoteza kazi.

Kokoa yenyewe hulimwa Tanzania pia, ingawa mkokoa hauwezi kustawi Dodoma, penye mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Hulimwa hasa Kyela, mkoani Mbeya, karibu na Ziwa Nyasa. Wakulima wa huko huchachusha punje, huzianika, kisha huziuza mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Nyingi husafirishwa nje zikiwa bado punje kavu.