Lakabu ya barua pepe

Lakabu ya barua pepe ni anwani ya ziada inayofikisha ujumbe katika sanduku la barua ambalo tayari lina anwani nyingine. Mwenye sanduku moja anaweza kuwa na lakabu mbili, mia moja au zisizo na idadi, na anayemwandikia kwa kawaida hawezi kujua ni ipi iliyo anwani ya asili. Lakabu hutumika maofisini, hutumika na watu binafsi wanaotaka kupunguza barua taka, na hutajwa sana panapojadiliwa usajili wa akaunti zaidi ya moja kwenye tovuti. Sababu ni kwamba tovuti nyingi huchukulia anwani moja kuwa ni mtu mmoja. Dhana hiyo si sahihi, na imewahi kuwagharimu watu fedha na hata akaunti zao.

Asili

Anwani ya barua pepe ina sehemu mbili zinazotenganishwa na alama ya @, ambayo mhandisi Mmarekani Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971. Kulia kwa alama hiyo ni kikoa, yaani jina la mahali barua inapopelekwa. Kushoto ni jina la sanduku ndani ya mahali hapo.

Lakabu ni za zamani karibu sawa na barua pepe yenyewe. Programu ya Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilisoma faili la kawaida la maandishi lenye orodha ya majina na mahali pa kupeleka barua za kila jina. Kwa njia hiyo barua kwa "postmaster" humfikia fundi yeyote aliye zamu, hata kama hakuna mtu mwenye jina hilo. Mwaka 1997 hati ya RFC 2142 iliorodhesha majina ya aina hiyo ambayo taasisi zinatarajiwa kuwa nayo, kama vile "abuse" kwa malalamiko na "webmaster" kwa mambo ya tovuti. Hapa lakabu ni cheo: mtu akihama ofisi, anwani hubaki.

Nani anajua maana ya anwani

Kanuni kuu ya jambo hili imo katika hati ya RFC 5321 ya Oktoba 2008, inayoeleza jinsi seva zinavyopelekeana barua. Inasema kwamba sehemu ya kushoto ya anwani hufasiriwa na seva ya kikoa husika peke yake. Seva nyingine zote zinatakiwa kuipitisha jinsi ilivyo bila kuigusa. Hata tofauti ya herufi kubwa na ndogo upande wa kushoto ni juu ya mwenye kikoa kuamua, ingawa hati hiyohiyo inashauri isitumiwe kutofautisha masanduku, na ni nadra kuona seva inayofanya hivyo. Upande wa kulia herufi kubwa na ndogo ni sawa daima.

Mfano ulio karibu ni S.L.P. ya shule. Posta inajua namba ya sanduku tu. Kwamba barua mbili zenye majina tofauti ni za mwanafunzi mmoja, au kwamba jina moja lina wanafunzi wawili, ni jambo linalojulikana shuleni na si posta. Tovuti inayosajili watu iko katika nafasi ya posta, lakini mara nyingi hujaribu kufanya kazi ya mwalimu wa zamu.

Alama ya kujumlisha na nukta

Aina ya lakabu inayofahamika zaidi ni ya kuongeza neno baada ya alama ya kujumlisha. Mwenye anwani jinalangu@example.com anaweza kumpa muuza vitabu jinalangu+vitabu@example.com bila kuomba ruhusa kwa yeyote, na barua zikaingia kulekule. Baadaye akianza kupokea matangazo ya dawa za nywele kupitia anwani hiyo, atajua nani ametoa anwani yake. Mtindo huu ulielezwa katika hati ya RFC 5233 ya Januari 2008, lakini seva zilikuwa zikiutumia miaka mingi kabla. Alama yenyewe haikuwahi kuwa moja kila mahali: programu ya qmail ya Daniel J. Bernstein hutumia kistari, na Postfix humwachia msimamizi wa seva achague.

Gmail, iliyoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004, inakubali alama ya kujumlisha na imeongeza jambo lake: haihesabu nukta. Jinalangu, jina.langu na j.i.n.a.langu ni sanduku moja. Jina la herufi tisa lina nafasi nane za kuweka nukta au kutoiweka, hivyo lina maumbo 256. Aidha, kwa sababu ya migogoro ya jina la biashara, watumiaji wa Ujerumani na Uingereza kwa miaka kadhaa walipewa anwani zenye kikoa googlemail.com, ambacho nacho hufika mahali palepale. Kwa watoa huduma wengine wengi, nukta ni herufi kamili, na anwani mbili zinazotofautiana kwa nukta ni za watu wawili.

Alama ya kujumlisha ni halali kabisa katika anwani, lakini fomu nyingi za usajili huikataa kwa sababu waliozitengeneza hawakuifikiria. Kuna usumbufu mwingine usiojulikana sana: ndani ya kiungo cha wavuti alama hiyo mara nyingi husomwa kama nafasi tupu. Mtu hujisajili vizuri, kisha akibofya kiungo cha kujiondoa kwenye orodha anaambiwa kwamba anwani yake haipo.

Lakabu za faragha

Njia ya alama ya kujumlisha ina udhaifu wa wazi, kwani yeyote anaweza kufuta neno lililoongezwa na kubaki na anwani ya asili. Kwa hiyo zimetokea huduma zinazotoa lakabu zisizofanana na anwani halisi hata kidogo. Apple ilitangaza huduma yake mwaka 2019 pamoja na kitufe chake cha kuingia kwenye programu nyingine. Mozilla ina Firefox Relay. Na SimpleLogin ilinunuliwa na kampuni ya Proton mwaka 2022. Mwenye kikoa chake mwenyewe hahitaji hata hizo, kwa maana anaweza kuagiza seva ipokee barua ya jina lolote litakaloandikwa kabla ya @.

Hizi zisichanganywe na anwani za muda kama za Mailinator, iliyoanza mwaka 2003, ambako sanduku la umma liko wazi kwa yeyote anayejua jina lake. Kufungua akaunti yenye thamani kwa anwani ya namna hiyo ni hatari, maana mtu mwingine anaweza kuomba nenosiri jipya na kulipokea.

Ulaghai

Mwaka 2018 mtengenezaji programu mmoja alieleza hadharani jinsi tabia ya Gmail kuhusu nukta ilivyokaribia kumponza. Alipata barua halisi kutoka Netflix ikimwambia kadi yake imekataliwa, na kiungo ndani yake kilikuwa halisi. Alishtuka tu alipoona kwamba tarakimu za mwisho za kadi iliyotajwa hazikuwa zake. Mtu mwingine alikuwa amefungua akaunti kwa anwani ileile ikiwa na nukta mahali tofauti. Kwa Netflix hao walikuwa wateja wawili. Kwa Gmail lilikuwa sanduku moja. Kama angejaza kadi yake, angekuwa analipia akaunti ya mgeni, ambaye baadaye angeweza kubadilisha anwani na kuendelea kutazama. Watu walibishana sana kama kosa ni la Gmail au la Netflix. Lakini udanganyifu huo huwa mgumu zaidi iwapo tovuti inatuma barua ya uthibitisho na kukataa kufungua akaunti kabla haijajibiwa.

Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Agari ilitoa taarifa kuhusu kundi la wahalifu waliotumia maumbo ya nukta ya anwani moja ya Gmail nchini Marekani. Kwa sanduku moja la barua waliwasilisha maombi 48 ya kadi za mkopo katika taasisi nne za fedha, na wakapata mikopo isiyopungua dola 65,000. Hawakuvunja mfumo wowote. Waliziachia taasisi zihesabu anwani kana kwamba zinahesabu watu.

Udhaifu wa tatu ni wa herufi. Desemba 2019 watengenezaji wa Django, mfumo unaotumika sana kujengea tovuti, walirekebisha kasoro ya namna hii: herufi ya Kituruki ı, isiyo na nukta juu, hugeuka I ikiandikwa kubwa, sawa na i ya kawaida. Mshambuliaji aliweza kuandika anwani yake yenye herufi hiyo, mfumo ukaona inalingana na ya mwathirika, kisha ukatuma kiungo cha kubadilisha nenosiri kwa anwani iliyoandikwa badala ya ile iliyohifadhiwa.

Akaunti mbili za mtu mmoja

Si kila usajili wa mara mbili ni hila. Mtu amesahau kwamba alijisajili miaka mitatu iliyopita. Mwingine aliingia kwa anwani yake ya kawaida, leo anabofya kitufe cha Apple na kupewa lakabu, na tovuti inamfungulia akaunti mpya isiyo na manunuzi yake ya zamani. Mtandao ukiwa wa kusuasua, anayebofya "Jisajili" mara mbili anaweza kupata akaunti mbili ikiwa hifadhidata yenyewe haijawekewa sharti la kukataa anwani inayojirudia. Kukagua kwa programu kabla ya kuandika hakutoshi, maana maombi yote mawili hukaguliwa kabla lolote halijaandikwa.

Kinyume chake pia hutokea. Katika miji ya Afrika Mashariki si ajabu mhudumu wa stationari au wa intaneti kafe kumfungulia mteja anwani ili ajaze fomu ya mkopo wa masomo au ya ajira. Mhudumu akitumia anwani moja kwa wateja kadhaa, wa pili atakataliwa kwa kosa lisilo lake, na wa kwanza hana ufunguo wa sanduku lake mwenyewe.

Tovuti zinazotaka kupunguza marudio huhifadhi anwani kama mtumiaji alivyoiandika, na pembeni huweka umbo la kulinganishia: herufi zote ndogo, bila neno la baada ya alama ya kujumlisha, na bila nukta kwa vikoa vya Gmail peke yake. Barua hutumwa kwa anwani ya kwanza, kamwe si kwa umbo la kulinganishia. Kuondoa nukta kwenye kila kikoa ni kosa kubwa, kwa kuwa kunaweza kuunganisha akaunti za watu wasiojuana. Jambo lingine ni ujumbe wa "anwani hii tayari imesajiliwa". Unasaidia msahaulifu, lakini pia humwambia jirani, mwajiri au mume kwamba mwenye anwani hiyo ni mwanachama. Kwa tovuti za afya au siasa ni afadhali kuonyesha jibu lilelile kwa kila mtu, na kutuma maelezo ndani ya barua.

Namba ya simu badala ya anwani

Kwa kuwa lakabu hazizuiliki, tovuti nyingi zimehamia kudai namba ya simu. Hilo hupunguza marudio, lakini lina gharama yake. Nchini Tanzania laini zote zilitakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020. Anayetoa namba yake kwa hiyo anatoa jina lake. Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, akishtakiwa kuzuia uchunguzi wa polisi kwa kutotoa taarifa za wanachama. Kwa mwanachama, tofauti kati ya lakabu na namba iliyosajiliwa ni tofauti ya kutambulika au kutotambulika iwapo taarifa hizo zitatolewa.

Wikipedia imechukua njia nyingine. Kuweka anwani ya barua pepe ni hiari, na anwani moja inaweza kuwekwa kwenye akaunti kadhaa. Kuwa na akaunti ya pili si kosa; kosa ni kuitumia kupiga kura mara mbili, kujiunga mkono katika mjadala au kukwepa zuio. Wanaochunguza hayo ni watumiaji wachache waliopewa ruhusa maalumu, na wanachotazama ni anwani za IP na taarifa za kivinjari, ambazo hufutwa baada ya miezi michache.