Kalibu na Kasha: Historia ya Uhaba wa Mifano ya Kuunda

Bidhaa nyingi huadimika kwa sababu ya kukosekana kitu. Mchele ukiadimika, mvua ilikosa; nguo zikiadimika, pamba haikufika au meli imekawia. Mifano midogo ya ndege, meli, vifaru na magari, ile iuzwayo ikiwa vipande vya plastiki ndani ya kasha ili mnunuzi aviunge mwenyewe kwa gundi na kuvipaka rangi, haifuati kanuni hiyo. Seti ya mfano mmoja yaweza kutoweka madukani kwa miaka kumi, na wakati wote huo plastiki ipo, mafundi wapo, na kalibu iliyoitengeneza i nzima ghalani, imepakwa mafuta isishike kutu. Kilichokosekana ni amri ya kuirudisha mashinani.

Katika hali hiyo imezuka desturi ambayo haikuwako mchezo huu ulipoanza. Watu wazima, hasa wa Uingereza, Marekani, Ujerumani na Japani, hununua seti nyingi kuliko wanazoweza kuunda katika umri wao wote. Wako wenye mamia ya makasha, yamepangwa darini, chini ya vitanda na katika vibanda vya bustani. Wakiulizwa sababu, majibu yao hukaribiana: asiyenunua leo, kesho hataikuta. Jibu hilo lina historia, na asiyeijua historia hiyo huwacheka bure watu hao, au huwaita wachoyo.

Asili ya mambo yote ni kalibu. Kalibu ya mfano wa plastiki ni mapande mawili ya chuma cha pua, yaliyochongwa kwa ndani umbo la kila kipande, hata misumari ya ubawa na mikunjo ya kiti cha rubani. Mapande hayo hufumbwa, plastiki iliyoyeyushwa hushindiliwa ndani yake kwa nguvu, kisha hufumbuliwa, na vipande hutoka vimeshikamana na kijiti chao kama matunda na kikonyo. Kazi ya kushindilia ni ya muda mfupi mno. Kazi ya kuchonga kalibu hula miezi mingi na fedha nyingi. Basi gharama iliyo kubwa hutangulia yote kabla ya kasha la kwanza kuuzwa. Tena mashine moja hutumikia kalibu nyingi kwa zamu. Kiwanda hufunga kalibu mashinani, hutoa maelfu kadhaa ya seti, huiondoa, na kufunga nyingine. Ile iliyoondolewa hurudi ghalani kungoja zamu yake, na zamu hiyo huenda ikaja mwakani, au baada ya miaka saba, au isije kabisa.

Biashara yenyewe ilianza Uingereza katika mwaka wa 1936, wakati kampuni ya International Model Aircraft, iliyotumia alama ya FROG, ilipotoa mifano ya plastiki kwa jina la Penguin. Jina hilo lilikuwa na mzaha ndani yake. FROG ilikuwa imejulikana kwa videge vya kuchezea vilivyoruka kweli; hivi vipya, kama yule ndege wa nchi za barafu, vilikuwa na mabawa lakini haviruki. Gloster Gladiator ilikuwa miongoni mwa vya kwanza. Vilitengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki yenye tabia ya kujipinda kwa kadiri miaka ipitavyo, na kwa kipimo cha 1:72, maana yake inchi moja ya mfano ni futi sita za ndege yenyewe. Vita vilipokuja, kipimo hicho kikapata kazi nzito. Askari walifundishwa kwa mifano kuitambua ndege ya adui na ya rafiki, na katika mwaka wa 1942 jeshi la majini la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule wachonge mifano 500,000 ya mbao kwa kazi hiyo. Mfano wa siku zile haukuwa mchezo. Aliyekosea umbo aliweza kumtungua mwenziwe.

Aliyeufanya mchezo wa kila mtoto ni Nicholas Kove, mkimbizi kutoka Hungaria, aliyeianzisha kampuni ya Airfix katika mwaka wa 1939 kwa kuuza vitu vya mpira vya kuchezea, akaingia baadaye katika biashara ya vitana vya plastiki. Katika mwaka wa 1952 Airfix ilitoa mfano wa Golden Hind, merikebu ya Francis Drake, ukauzwa katika maduka ya Woolworth kwa shilingi mbili za Kiingereza, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa karatasi juu yake. Baadaye zikafuata ndege, Spitfire ikiwa mbele yao. Kwa bei hiyo mtoto aliweza kununua seti kwa fedha zake mwenyewe, akaiunda siku ileile, na kabla ya mwezi kwisha ikawa imevunjika au imechomwa moto katika vita vya uani. Hapana aliyefikiri kuweka akiba. Duka ndilo lililokuwa ghala lake. Alichokiacha Jumamosi hii alikikuta Jumamosi ijayo. Jambo hili ni la kukumbukwa sana, kwa kuwa walimbikizaji wa siku za baadaye ni watoto haohao waliokua.

Wingi huo ulidumu kwa muda wa miaka ishirini. Katika mwaka wa 1971 ilianguka Lines Bros, kampuni kubwa ya vitu vya watoto iliyoimiliki FROG. Katika mwaka wa 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda, na plastiki, iliyo zao la mafuta, ikapanda pamoja nayo. Halafu viwanda vikaanguka kwa mfuatano: FROG mwaka wa 1976, Aurora ya Marekani, iliyopendwa kwa sanamu zake za Frankenstein na wenziwe, mwaka wa 1977, Airfix mwaka wa 1981, na Lesney, wenye jina la Matchbox, mwaka wa 1982. Kwa muda wa miaka sita watoto wa zamani, sasa watu wazima wenye mishahara, waliona majina waliyoyadhani ya milele yakiingia mikononi mwa wafilisi.

Kisa cha FROG ndicho chenye mafunzo kuliko vyote. FROG ilikuwa na moyo wa kutengeneza ndege ambazo viwanda vikubwa vingine viliziacha, kama Blackburn Skua, Vultee Vengeance na Martin Baltimore. Kiwanda kilipofungwa, kalibu nyingi zilipelekwa Umoja wa Kisovieti, na seti zilizotoka huko zikaletwa Uingereza kuuzwa kwa jina la Novo. Lakini Wasovieti hawakutaka kalibu za ndege za Ujerumani na washirika wake wa vita. Hizo zilibaki nyuma, zikachukuliwa na Revell. Hivyo kundi moja la kalibu, lililokaa pamoja katika ghala moja, liligawanywa kwa mpaka wa vita vilivyokwisha zaidi ya miaka thelathini kabla yake. Aliyezipenda ndege za Kiingereza alipaswa kuitazama Moscow. Aliyezipenda za Kijerumani alitazama kwingine. Baada ya muda biashara ya Novo nayo ikafa, na zile kalibu zikaendelea kutumika katika viwanda mbalimbali vya Kisovieti kwa ajili ya watoto wa huko, katika makasha duni ambayo mara kwa mara hayakumwambia mtu kilichomo ni kazi ya nani. Skua haikupotea duniani. Ilipotea tu kwa yule aliyekuwa akiitafuta London.

Hapo ndipo akili ya kulimbikiza ilipozaliwa, na ni akili, si wazimu. Mtu aliyeyaona hayo alijifunza kwamba kalibu yaweza kuuzwa, kuhamishwa, kugawanywa na kusahauliwa bila ya yeye kuulizwa, na kwamba kitu pekee kilicho chini ya amri yake ni kasha lililo mkononi. Matukio ya baadaye hayakumpa sababu ya kubadili fikira. Tarehe 31 Agosti 2006 kampuni ya Humbrol, iliyokuwa imeimiliki Airfix tangu mwaka wa 1986, ilitangaza kwamba imeshindwa na madeni. Seti nyingi za Airfix wakati huo zilikuwa zikitengenezwa Ufaransa katika kiwanda cha Heller, nacho kilikuwa taabani. Jina lilikuwa Uingereza, kalibu zilikuwa ng'ambo ya bahari, na kwa miezi michache jina na kalibu havikuweza kukutana. Novemba mwaka uleule Hornby iliinunua Airfix, na mambo yakatengenea. Walakini katika miezi ile wengi walikuwa wamekwisha kukimbilia madukani. Ikawa vivyo hivyo mwanzoni mwa mwaka wa 2018, Hobbico ya Marekani, iliyoimiliki Revell, ilipofilisika. Na mwaka wa 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, waliokuwa wameuacha mchezo tangu utoto waliurudia kwa pamoja, na rafu zikawa tupu. Mwenye akiba darini alicheka.

Hata hivyo akili hiyo ina upande wake wa pili, na wenye akiba hawapendi kuutazama. Wanunuzi wakijua kwamba seti haitadumu, wote hununua katika majuma ya kwanza, hata wasiokusudia kuiunda mwaka huo wala mwaka ujao. Kiwanda kikitazama hesabu zake huona mauzo makubwa mwanzoni, kisha ukame. Huhukumu kwamba haja imekwisha, huondoa kalibu mashinani na kufunga mpya. Basi seti hutoweka upesi, na kutoweka kwake kunawathibitishia wanunuzi kwamba walifanya vema kuikimbilia. Hofu huleta uhaba, na uhaba hulisha hofu. Walanguzi nao huingia katikati. Hununua makasha kumi wasiyoyataka, wakayaweka mpaka duka limalize, ndipo wakayauza kwa bei ya maradufu kwa kijana aliyechelewa. Huyo kijana ndiye mwenye hasara ya kweli katika mambo haya, kwa kuwa hakuwako mwaka wa 1976, hana dari lililojaa, na mchezo aliouingia una mlango wa fedha.

Waswahili husema akiba haiozi, na kwa plastiki yenyewe msemo huo ni kweli: vipande vya polistireni vya miaka sitini iliyopita huungana leo kama vya jana. Vitu vingine ndani ya kasha havina subira hiyo. Alama za kubandika, zile karatasi nyembamba zenye nembo za majeshi na namba za ndege, hugeuka manjano, kisha hupasuka zinapotiwa majini. Minyororo laini ya vifaru na magurudumu laini ya magari huwa na uadui wa ajabu na plastiki ngumu iliyolala karibu nayo: mafuta yaliyomo katika ile laini huila ile ngumu polepole, na mwenye kasha akilifungua baada ya miaka ishirini hukuta vipande vimeyeyuka pale vilipogusana. Wajuzi huvitenga katika vifuko mbalimbali. Wasiojua huweka akiba ya kitu kinachojila gizani.

Lakini kabla ya kuwahukumu walimbikizaji yafaa kutazama yaliyozipata sanamu za Aurora. Aurora ilipofungwa, kalibu zake ziliuzwa kwa Monogram, na nyingi hazikurudi kazini. Baadhi hazikuwako tena. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani, kwa jina la Polar Lights, ilitaka kuzitoa tena sanamu hizo. Kwa kuwa haikuwa na kalibu, ilitafuta seti za zamani ambazo hazijaundwa, ikavipima vipande vyake, na kwa vipimo hivyo ikachonga kalibu mpya. Seti ambazo zingaliundwa na kuvunjwa na mtoto katika mwaka wa 1964 hazingaliweza kuifanya kazi hiyo. Ziliweza kwa sababu kuna mtu aliyezinyima nafasi ya kuwa kile zilichotengenezwa kuwa. Kalibu mpya ilipoanza kutoa seti kwa maelfu, mtu aliyetaka kuunda tu hakuwa tena na haja ya kuwalipa wakusanyaji bei ya kitu adimu.

Walimbikizaji wa kizazi cha shilingi mbili sasa ni wazee, na wengi wamekwisha kufariki. Wajane na watoto wao hupanda darini wakakuta makasha mia tatu, mia nne, yenye picha za ndege za vita zikipaa katika mawingu, mengine yangali na bei ya duka ambalo halipo tena. Wako wafanyabiashara ambao kazi yao ni kuja na gari kuyanunua makasha hayo yote kwa pamoja, kuyapeleka katika maonyesho ya mifano, na kuyatandaza mezani. Hapo wazee wengine, wenye dari zao, huyapindua mmoja mmoja, hutazama kama vipande vimetimia, na hulipa.