Tundu Ukutani: Biti za Drili na Historia ya Nyumba za Abuku

Mwanafunzi akiulizwa habari za historia ya West Nile, aghalabu huanza na askari: wa Emin Pasha, wa King's African Rifles, wa Idi Amin, kisha waasi waliofuata. Sipingi kwamba askari hao walikuwepo. Lakini watu wa Abuku, kaunti ndogo iliyo katika Wilaya ya Koboko, wametumia siku nyingi zaidi kujenga kuliko kupigana, na kujenga kwao hakujapata wasimulizi wa kutosha. Katika insha hii ninaifuata historia hiyo kupitia kitu kinachoingia katika mfuko wa shati: biti, yaani ile ncha ya kutobolea inayofungwa kwenye drili. Hoja yangu ni kwamba fundi anayechagua biti Abuku leo anafanya kazi ya mwanahistoria, apende asipende. Hawezi kuchagua vizuri bila kujua ukuta ulio mbele yake ulijengwa lini, kwa vifaa gani na katika hali gani.

Nianze na lugha. Mafundi niliozungumza nao Koboko husema biti na drili. Kiswahili kina neno la zamani zaidi, keke, ambalo pwani lilitaja kijiti chenye ncha ya chuma kinachozungushwa kwa uta. Waunda majahazi wa Lamu hawakupigilia msumari katika ubao mgumu kabla ya kuutoboa kwa keke, kwani ubao ungepasuka. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, haukuwezekana kabisa bila matundu: mbao zote zilitobolewa kandokando ndipo zikashonwa pamoja. Kiswahili hakikufika West Nile na waunda majahazi bali na askari, polisi, wafanyabiashara na Wanubi, ila kilikuja na maneno ya sanduku la seremala. Msumari tumeutoa katika Kiarabu, parafujo katika Kireno, randa katika Kiajemi. Nani angedhani kwamba sanduku moja la mbao lingekusanya bahari yote ya Hindi na kuipeleka mpakani mwa Sudan na Kongo?

Nyumba ya msonge ya zamani haikuhitaji biti. Miti ilisimikwa, fito zikafungwa kwa kamba, udongo ukakandikwa, nyasi zikaezekwa. Palipohitajika tundu, kwa mfano katika mpini wa jembe, watu walitoboa kwa chuma kilichotiwa motoni. Mambo yalianza kubadilika baada ya mwaka 1914, eneo hili lilipohamishwa kutoka Sudan na kuwekwa chini ya Uganda, na Arua ikawa makao ya utawala. Ofisi za serikali, na baadaye misheni za Ediofe na Mvara, zilileta mlango wa mbao wenye bawaba. Bawaba hutaka parafujo, na parafujo hutaka tundu. Kwa hiyo nasema, bila kutania, kwamba mlango wa mbao ndio ulioleta biti West Nile.

Biti ya mbao ina tabia yake. Mbao ni nyuzi, na nyuzi zisipokatwa kwanza hung'oka na kuacha tundu lenye kingo zilizochanika. Ndiyo maana biti nzuri ya mbao ina mwiba mdogo katikati unaoishika mahali pake, na makali mawili pembeni yanayokata nyuzi kabla ya sehemu ya ndani kuondoa ubao. Ile kubwa ya kuzungushwa kwa mkono ina ncha kama parafujo inayojivuta yenyewe ndani. Seremala huhitaji kuzungusha tu. Kwa tundu pana, la komeo kwa mfano, hutumika biti bapa kama kijiko kilichonyooshwa. Mvule hustahimili zote hizi. Mkalitusi uliokaushwa haraka hupasuka, hivyo seremala hutoboa tundu jembamba kuliko parafujo yenyewe na kwenda polepole.

Biti iliyosokotwa, ambayo sasa iko katika kila duka la vifaa, ina umri mdogo kuliko watu wanavyofikiri. Stephen Morse wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1863. Mifereji yake miwili hupandisha vipande nje ili ncha isizibwe. Karibu na mwaka 1900, Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa kwenye kiwanda cha Bethlehem, walipata njia ya kutengeneza chuma cha pua kinachobaki kigumu hata kikipata moto mpaka kuwa chekundu. Herufi HSS kwenye mkia wa biti zinatokana na ugunduzi huo. Biti hii ndiyo ya mabati, nondo, milango ya chuma na fremu za paneli za sola. Chuma kinene hutaka mwendo wa polepole na tone la mafuta; kabla ya kutoboa, hugongwa alama ndogo kwa ncha ili biti isitelezeteleze. Sitakaa sana hapa, kwa sababu chuma hakina siri: chuma cha Abuku ni sawa na chuma cha Kampala. Siri iko kwenye kuta.

Mwezi Aprili 1979 serikali ya Amin ilianguka. Mwezi Oktoba 1980 wanajeshi wake wa zamani walivuka kutoka Sudan na kushambulia West Nile, na kisasi cha jeshi la serikali, UNLA, kikawaangukia raia. Watu wa Koboko walikimbilia Sudan na Zaire kwa wingi sana. Wazee wanasimulia kwamba waliporudi, miaka ya 1980 ilipokuwa ikielekea mwisho, walikuta magofu: mabati hayapo, milango haipo, mbao zimekuwa kuni. Walianza upya bila mtaji. Udongo ulikuwepo, maji yalikuwepo, mikono ilikuwepo. Saruji haikuwepo, au ilikuwepo kwa bei isiyogusika, kwa kuwa ilitoka mbali kama Tororo, upande wa pili wa nchi, na Arua peke yake iko karibu kilomita 500 kutoka Kampala.

Hapo ndipo ukuta ambao naona ni wa kipekee katika historia yetu ulipoenea. Matofali yalifyatuliwa, mengine yakachomwa kwenye tanuri la kuni nyuma ya nyumba, mengine yakaachwa mabichi, na yote yakaunganishwa kwa udongo badala ya saruji. Miaka ikipita na pesa ikipatikana, mwenye nyumba alipiga lipu ya saruji kwa nje. Kwa macho, nyumba hiyo ni ya saruji. Kwa ndani, ni ya wakimbizi waliorudi. Mwanahistoria akiitazama barabarani ataiandika kuwa nyumba ya kisasa, na fundi akiitazama hivyo hivyo ataivunja.

Kwa nini aivunje? Lazima nieleze kidogo jinsi biti ya ukuta inavyofanya kazi. Tofali na zege vina chembe za mchanga, na mchanga una madini yaitwayo kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoishia 10 kwa almasi, kwatsi iko 7. Chuma cha pua kilichokazwa hukaribia hapo hapo tu, kwa hiyo biti ya HSS ikiingizwa kwenye tofali la kuchoma huota moto na kusagika ncha baada ya matundu machache. Dawa yake ilipatikana Ujerumani. Mwaka 1923 Karl Schröter wa kampuni ya Osram aliomba hataza ya kabidi ya tungsteni, iliyokusudiwa kwanza kuvutia nyaya nyembamba za balbu. Kampuni ya Krupp iliiuza kwa jina la Widia, kifupi cha maneno yenye maana ya "kama almasi". Ugumu wake hukaribia 9. Kile kipande kidogo cha rangi nyingine unachokiona kwenye ncha ya biti ya ukuta, kama ulimi uliopachikwa, ndicho hicho.

Hapa niongeze jambo ambalo halimo katika maelezo ya madukani. Tungsteni hutoka katika madini ya wolframu, na wolframu ilichimbwa Uganda wakati wa ukoloni, huko Kigezi, kwenye machimbo kama Nyamulilo na Kirwa. Huchimbwa pia mashariki mwa Kongo, na mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zitoe taarifa kama tungsteni, bati, tantali na dhahabu wanazotumia zimetoka katika maeneo ya vita huko. Koboko inapakana na Kongo. Inawezekana kabisa ulimi wa biti moja ya dukani Koboko ulitoka ardhini Afrika hii hii, ukazunguka dunia, ukarudi ukiwa umefungwa kwenye plastiki. Bei yake ikipanda, fundi hulaumu mwenye duka.

Ncha ya kabidi haina makali ya kukata. Ni butu, kwa kuwa kazi yake ni kuponda. Mashine huigonga kama nyundo huku ikiizungusha, na mifereji hutoa unga. Kwenye zege kugonga huko ni lazima. Ikikutana na nondo ndani ya zege, fundi mwenye akili husimama, kwa sababu kabidi ni ngumu lakini ni dhaifu ikigonga chuma: hupasuka. Ama ahamishe tundu, ama atoboe nondo kwa HSS kisha arudie kabidi.

Kwenye ukuta wa tofali lililounganishwa kwa udongo, kugonga ni balaa. Mtikisiko hupita kwenye viungo, udongo hukatika, lipu hutengana na tofali, na mwishoni tofali zima hucheza mahali pake. Kabidi bado inafaa, lakini nyundo ya mashine izimwe na biti izunguke tu. Tundu liwe katikati ya tofali, mbali na kiungo, na biti iwe nyembamba kwa hatua moja: kwa plagi ya milimita 6, milimita 5 hutosha, kwani tofali laini hupanuka lenyewe. Plagi nayo ina historia. John Joseph Rawlings, mkandarasi wa London, aliibuni karibu mwaka 1911 alipotakiwa kufunga nyaya kwenye kuta za British Museum bila kuziharibu. Yaani plagi ilibuniwa kwa ajili ya kuta za watu waliojali historia. Sijui kwa nini sisi tusijali.

Tofali bichi ni jambo lingine kabisa. Plagi haina cha kushika humo, biti yoyote ile. Wajenzi wa zamani walilijua hilo, wakapachika vigingi vya mti ukutani wakati wa kujenga, na ukigonga kwa kifundo cha kidole utavisikia kwa sauti. Hapo biti sahihi kwenye ukuta wa udongo ni biti ya mbao, kwa sababu unachotoboa ni kigingi. Pasipo kigingi, fundi hupitisha boliti ndefu ukuta mzima na kuweka ubao pande zote mbili.

Mambo haya yamekuwa na uzito zaidi hivi karibuni. West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa kwa muda mrefu. Tangu 2003 ilitegemea kampuni ya WENRECo, kwanza kwa jenereta, na mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak karibu na Paidha likaongeza megawati 3.5. Mwaka 2024 Arua iliunganishwa na gridi. Umeme ukisambaa, maelfu ya matundu yatatobolewa: ya mbao za mita, ya mabomba ya nyaya, ya soketi. Watakaotoboa ni vijana waliojifunza kwenye kuta za zege za mjini, wenye mashine zenye nyundo. Na kuta zitakazotobolewa nyingi ni zile za waliorudi. Mzee mmoja aliniambia, "Nyumba hii nimeijenga mimi na marehemu mke wangu, tofali kwa tofali. Akija mtu wa stima, mwambie aibishe hodi na kwa ukuta pia." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kuhusu vigae nitasema machache, kwa maana Abuku bado ni vichache. Ncha iwe kama mkuki au ya almasi, bila kugonga, kwa maji, na utepe wa gundi ubandikwe juu ya kigae ili ncha isiteleze.

Mafundi wawili tofauti walinionyesha njia ile ile ya kusoma ukuta, na nadhani hawakuwahi kukutana. Hutoboa kwanza tundu jembamba la majaribio mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango, nyundo ikiwa imezimwa, na hukinga kiganja chini yake. Unga wa kijivu ni lipu. Ukiendelea kuwa wa kijivu, huko ndani kuna saruji, na nyundo yaweza kuwashwa. Ukigeuka mwekundu na mkavu, ni tofali la kuchoma. Ukigeuka wa kahawia, ukashikana ukiufinya kati ya vidole, biti hutolewa, mashine huwekwa chini, na fundi huanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole akitafuta kigingi.