Mawe ya Roma, Mikono ya Afrika

Fahari ya Roma ya kale husimuliwa kwa habari za makaisari na majeshi. Leo tuyatazame mawe yake, kwani mengi yaliyoupamba mji ule kwa rangi yalitoka katika bara letu.

Tuanze na Pantheon, hekalu lililojengwa upya zama za Kaisari Hadrian, aliyetawala tangu mwaka 117 hadi 138. Mbele yake zimesimama nguzo 16 za graniti ya Misri, kila moja jiwe zima lenye urefu wa karibu meta 12. Zile za kijivu zilichongwa Mons Claudianus, jangwani, zikaburutwa hadi mto Nile, kisha zikavushwa bahari kwa merikebu. Ndani kuna marumaru ya manjano kutoka Chemtou, katika Tunisia ya leo. Sakafuni kuna miduara ya porfiri, jiwe la zambarau lililochimbwa Porphyrites, mlima mwingine wa jangwa lilo hilo la Misri.

Ni nani waliochimba? Maandishi ya vigaeni yaliyofukuliwa Mons Claudianus yathibitisha kwamba wengi wa mahali pale walilipwa mshahara. Hata hivyo, sheria ya Roma iliwapeleka wahukumiwa pia machimboni. Eusebius wa Kaisarea asimulia kwamba wakati wa dhuluma kuu, mnamo mwaka 308, waungama imani wanaume 97, pamoja na wanawake na watoto, walitolewa Porphyrites wakapelekwa Palestina. Huko waling'olewa jicho la kuume, wakalemazwa mguu wa kushoto, wakatupwa katika machimbo ya shaba.

Mwaka 609 Papa Bonifasi IV aliitabaruku Pantheon iwe kanisa la Bikira Maria na Mashahidi. Hivyo waamini wakasali juu ya jiwe la aina ileile waliyoitolea jasho ndugu zao wafungwa.

Nasi wa Kisangani twayajua mawe yasafiriyo mbali. Almasi hupimwa mezani, bei hutajwa, naye aliyesimama majini akichekecha mchanga haulizwi habari zake. Basi, tusifupo uzuri wa jiwe lolote, la kanisani au la kidoleni, tuulize pia ni nani aliyelitoa ardhini, na kama alilipwa haki yake.