Ukame, Mvua na Ukubwa wa Ndege

Leo tutajifunza jinsi hali ya hewa inavyoweza kubadili ukubwa wa wanyama. Mfano wetu watoka visiwa vya Galápagos, vilivyo chini ya nchi ya Ekwado, katika bahari ya Pasifiki.

Mwaka 1835 Mwingereza Charles Darwin alifika visiwani humo. Mwaka 1859 alitoa kitabu kilichoeleza uteuzi wa asili. Maana yake ni hii: viumbe wa aina moja hawalingani. Wanaofaa zaidi kwa mahali walipo huishi na kuzaa, na watoto hurithi maumbile yao. Darwin alidhani kazi hiyo huenda polepole mno, hata mtu hawezi kuiona.

Mwaka 1973 mume na mke, Peter na Rosemary Grant, walianza kuichunguza katika kisiwa kidogo cha Daphne Major. Waliwakamata ndege wala mbegu, wafananao na chiriku. Wakawapima mwili na mdomo, wakawatia pete miguuni, wakawaachia.

Mwaka 1977 mvua ilikosekana. Mbegu ndogo zikaliwa zikaisha. Zikabaki mbegu kubwa na ngumu za mmea wa jamii ya mbigili. Ndege wadogo hawakuweza kuzivunja, wakafa kwa njaa. Katika kila ndege 100, wapatao 85 walitoweka. Waliosalia wengi walikuwa wenye miili mikubwa na midomo minene, na watoto wao wakawa vivyo hivyo.

Angalieni sana jambo hili. Hakuna ndege aliyejikuza ili apate kuvunja mbegu. Kila mmoja alibaki na umbo lake. Wadogo walikufa, wakubwa wakazaa. Kwa hiyo kundi likabadilika.

Je, mkubwa ni bora siku zote? Sivyo. Mwaka 1983 mvua kubwa zilinyesha. Mimea itambaayo ikaifunika ile mbigili, na mbegu ndogo zikawa tele. Ukame uliporudi mwaka 1984 na 1985, ndege wadogo ndio waliosalia kwa wingi, maana mwili mdogo hutosheka kwa chakula kidogo, na mdomo mwembamba huokota mbegu ndogo upesi.

Basi, uteuzi wa asili hauna kipenzi. Nguvu ya mwaka huu yaweza kuwa udhaifu wa mwaka ujao. Kundi lenye wakubwa na wadogo pamoja lina akiba.

Swali la darasa: kama ndege wote wangalikuwa wadogo mwaka 1977, ingalikuwaje? Zungumzeni na mwalimu wenu. Kwaherini.