Lango la Kapteni Kijana

Mimi ni kijana wa Janga, kule Kibaha. Kidato cha nne nimemaliza, kazi sina, ila daftari ninalo. Nilidunduliza nauli, nikapanda basi kupitia Chalinze na Tanga, nikavuka mpaka Horohoro, kisha feri ya Likoni hadi Mombasa. Nilitaka kuiona Ngome ya Yesu, waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596.

Langoni miguu iligoma. Juu yake kuna bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno.

"Yanasemaje, mzee?" nikamwuliza mtembeza wageni.

Akacheka. "Anajisifu tu huyo, mwanangu!"

Kumbe ni Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635. Eti aliikarabati, akabomoa kuta za Pate na Siyu, akawaua wakubwa wa Pemba, wasiolipa kodi wakalipa. Na umri wake ameuandika: miaka 27! Rika langu kabisa.

Sasa hasira zote hizo zilitoka wapi? Bamba linamtaja mfalme dhalimu, basi. Jina hakuna. Ni Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa. Baba yake aliuawa kwa njama za Wareno. Yeye walimpeleka Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha atawale chini yao. Mwaka 1631 akamchoma kisu kapteni wao, akaitwaa ngome. Mwaka 1632 Wareno walikuja kuikomboa, wakashindwa. Baadaye mwaka huohuo Yusuf akaondoka mwenyewe kwa jahazi.

Waomani nao waliizingira ngome kuanzia Machi 1696, wakaiteka Desemba 1698. Wareno wakatoka, bamba likabaki. Mpaka leo mgeni akiingia, Cabreira ndiye anayempokea kwa maneno yake. Yusuf lazima umwulizie.

Hapo nikamkumbuka babu. Alikuwa akitaka kunisimulia ujana wake, nami namjibu, "Kesho, babu." Tulimzika kabla sijafungua daftari. Nilikuwa nangoja nikue ndiyo niandike!

Niliporudi Janga, bibi alikuwa uani anachambua mchicha. Nikavuta kigoda.

"Shikamoo, bibi. Hebu nianzie mwanzo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwanzo wa nini?"

"Wa chochote," nikasema, nikatoa kalamu.