Mbung'o wa Unyamwezi na Miale ya Tanga

Msomaji wa habari za njia ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hata Tabora, na kutoka Tabora ikaelekea Ujiji, huenda akastaajabu kuona kwamba karibu mali yote, pembe na nguo na shanga, ilichukuliwa begani mwa mtu. Punda walikuwapo, na ng'ombe walikuwapo, lakini hawakuaminika kwa safari ndefu. Sababu kubwa mojawapo ni mdudu: mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Mnyamwezi alisifiwa sana kwa ustadi wa upagazi, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini yafaa kukumbuka kwamba mdudu huyo alikuwa na sehemu katika kumtwika.

Wageni waliotaka kumshinda mbung'o kwa shauri la mataifa walianza zamani. Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliunda huko Brussels chama kilichoitwa cha kimataifa, na mwaka 1879 chama hicho kilishusha tembo wanne wa Bara Hindi katika ufuko wa Msasani, wachukue mizigo hata Ziwa Tanganyika, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba tembo hadhuriwi na mbung'o. Tembo wakafa, na jambo likaisha. Jina la chama lilikuwa la mataifa yote; shabaha yake, kama Kongo ilivyokuja kuona, ilikuwa ya mtu mmoja.

Waingereza walitumia njia nyingine. Malale yalipodhihirika Maswa mwaka 1922, kisha yakaenea katika nchi za magharibi, serikali iliamuru watu waliotawanyika misituni wahame, wakusanyike katika makazi makubwa. Hoja yake ilikuwa na akili: penye watu wengi miti hukatwa, kivuli hupungua, na mbung'o wa miombo hukosa maskani. Hapana shaka maisha mengi yaliokoka. Lakini waliohamishwa waliacha mashamba na makaburi ya wazee wao, na pori likameza mahame yao. Na katika pori hilo wanyama na mbung'o wakaongezeka. Atazamaye hesabu ya wagonjwa peke yake atasema kazi ilifaulu. Atazamaye nchi atasita.

Mizani hiyo ndiyo ningependa kuitumia kwa kazi ya karibu zaidi, iliyosifiwa kuliko zote. Huko Tanga, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, mbung'o walifugwa kwa mamilioni, na madume yao yakapigwa miale ya gama hata yakawa tasa. Jike la mbung'o aghalabu hupandwa mara moja tu maishani mwake, na huzaa funza mmoja mmoja. Akipandwa na dume tasa, uzazi wake umekwisha. Kwanza mbung'o wa Unguja walipunguzwa kwa dawa iliyopakwa ng'ombe na kwa vitambaa vya sumu. Kisha, tangu 1994 hadi 1997, madume tasa zaidi ya milioni 8 yalimwagwa kutoka angani. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996. Ng'ombe wa Unguja wakapona nagana. Hii ni kazi kamili, na mafundi wa Tanga wanastahili heshima kubwa kuliko waliyopewa.

Kwa ushindi huo wengi walitiwa moyo, na mwaka 2000 wakuu wa nchi za Afrika, mkutanoni Lomé, waliazimia kumfuta mbung'o barani kote. Hapo ndipo kipimo kilipopotea. Unguja ni kisiwa cha kilomita za mraba zipatazo 1,600, chenye aina moja tu ya mbung'o, nayo bahari imekizunguka. Mdudu aliyekwisha hana pa kurudia. Mkoa wa Tabora una zaidi ya kilomita za mraba 70,000, mbung'o wake ni zaidi ya aina moja, na miombo haina mpaka wa maji. Tena Unguja aliyeugua alikuwa ng'ombe. Tabora huugua na mtu.

Mtu huyo aghalabu ni mrina asali au mwindaji akaaye wiki kadhaa porini. Homa yake hudhaniwa malaria. Katika miaka ya 2000 wagonjwa wa malale walikuwa wakipokelewa katika kituo cha afya cha Kaliua, upande wa magharibi wa Tabora. Na aliyefika vijidudu vikiwa vimekwisha kuingia ubongoni alitibiwa kwa melasoproli, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe huua baadhi ya wagonjwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza feksinidazoli, dawa ya kumeza, kwa malale ya aina hii. Nayo ni tunda la ushirikiano wa mataifa, ingawa halikuonekana likimwagwa kutoka angani. Lakini dawa hiyo haitolewi mpaka mtu atazame tone la damu katika hadubini akamwona mdudu, na katika pori la Ugalla mwenye hadubini yuko mbali.